Shujaa wa Kuazima

Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni

Ndugu msikilizaji, miezi michache iliyopita nilikuwa Ifakara kwa ajili ya arobaini ya shemeji yangu. Shughuli ilipokwisha nilikwenda stendi kutafuta gari la kurudi Dar es Salaam. Gari likachelewa, na jua la bonde la Kilombero halina mzaha, kwa hiyo nikajikinga kwenye kibanda kimoja nikidhani wanauza soda. Kumbe ni kibanda cha gemu. Mlikuwa na mabenchi mawili, televisheni mbili, turubai la kuzuia mwanga, na vijana wapatao kumi. Wengi walikuwa wakicheza mpira, kama ilivyo kawaida ya vibanda vya namna hii kote nchini. Pembeni, kwenye televisheni ndogo, alikaa mtoto wa miaka kumi na miwili hivi. Yeye alikuwa akimwendesha mtu mwenye nguo nyekundu na buluu, anayebembea kwa uzi kutoka ghorofa hadi ghorofa.

Aliniamkia, nikaitikia marahaba. Nikamuuliza huyo ni nani.

"Spider-Man, mzee. Mtu-buibui."

Alinieleza kwa ufasaha mkubwa: adui zake, shangazi yake, mtaa anaokaa huko New York. Mtoto yule hajafika hata Morogoro mjini, lakini madaraja ya New York anayajua moja baada ya jingine. Kabla hajamaliza, umeme ukakatika. Kibanda kizima kikaguna. Yule mtoto akaweka pedi chini, akanigeukia na kuniuliza: "Mzee, hivi na sisi wa kwetu yupo? Wa kwenye katuni, halafu akaingia kwenye gemu?"

Nikajibu haraka haraka kwamba yupo Sungura. Wenzake wakacheka. Mmoja akasema, "Sungura wa kitabu cha shule!" Nikaona aibu, nikanyamaza. Gari likafika, nikaondoka bila kumjibu. Mazungumzo ya leo ndiyo jibu lake, ingawa limechelewa.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1938 vijana wawili wa Kimarekani, Jerry Siegel aliyeandika na Joe Shuster aliyechora, walimuuza shujaa wao aitwaye Superman kwa kampuni ya vitabu vya katuni. Walilipwa dola 130. Si kwa mwezi, wala si kwa kila kitabu. Dola 130 basi, na haki zote zikaenda kwa kampuni. Miaka 41 baadaye, mwaka 1979, kampuni ya Atari ilimtia Superman katika mchezo wa kuchezwa nyumbani kwenye televisheni. Picha zenyewe zilikuwa vipande vya rangi tu, mfano wa mkeka. Mchezaji alikusanya vipande vya daraja lililolipuliwa, akawatia wahalifu gerezani, kisha akaingia kwenye kibanda cha simu kubadili nguo. Hapo ndipo wahusika wakubwa wa katuni walipoanza safari ya kutoka kwenye karatasi kuingia kwenye mashine.

Mtu-buibui alifuata. Yeye alizaliwa kwenye karatasi Agosti 1962, kwa maneno ya Stan Lee na mkono wa mchoraji Steve Ditko. Mwaka 1982 kampuni ya Parker Brothers ikatoa mchezo wake wa kwanza, uliotengenezwa na mwanamama aitwaye Laura Nikolich. Kazi ya mchezaji ilikuwa kupanda ghorofa kwa uzi, kukamata wahalifu madirishani na kuzima mabomu, huku akiangalia uzi usije ukamwishia. Mwaka 2000 ukaja mchezo mwingine wa mashine ya PlayStation, na Stan Lee mwenyewe akatoa sauti ya msimulizi. Mwaka 2004 ukatoka ule ambao mchezaji anaweza kubembea mji mzima wa Manhattan apendavyo. Huo ndio niliouona Ifakara, mchezo mkubwa kwa umri kuliko mtoto anayeucheza. Na mwaka 2018 ukatoka mwingine, ambao katika siku tatu za kwanza tu ziliuzwa nakala milioni 3.3.

Sasa tujiulize: wakati hayo yanaanza, sisi tulikuwa wapi?

Msikilizaji, mwaka 1974 serikali yetu ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na mitambo iliyotangulia ilikuwa imekula fedha nyingi bila kuleta manufaa yaliyotarajiwa. Televisheni Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka hiyo ya 1970, tena ya rangi, lakini sisi wa Bara tuliisubiri mpaka 1994. Huo mwaka 1979, Superman alipokuwa akikusanya vipande vya daraja, sisi tulikuwa tunamaliza vita ya Kagera na kuanza kupanga foleni ya sabuni.

La ajabu ni kwamba bonde la Kilombero halikuwa gizani kwa maana ya mitambo. Mwaka 1975 bwawa la Kidatu lilianza kuzalisha umeme uliosafiri hadi Dar es Salaam. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kuanzia 1970 hadi 1975 na kukabidhiwa 1976, ilipita Ifakara na Mlimba ikielekea Zambia. Nguvu ya kuendesha mashine ilitoka kwetu. Mashine zenyewe ndizo hazikuwapo.

Lakini katuni zilikuwapo, tena za kwetu. Hapo ndipo nilipopaswa kumjibu yule mtoto, na hapo ndipo niliposahau.

Wazee wenzangu watamkumbuka Chakubanga. Alichorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Watu walifungua gazeti kwa kuanzia kwake, hotuba zikasubiri. Majirani zetu wa Kenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyedumu katika Taifa Leo kwa miongo mingi. Kisha katika miaka ya 1980 likaja gazeti la Sani. Jina hilo lilitokana na waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Humo tukawapata akina Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge na Dokta Pimbi. Mchoraji aliyewapa uhai wengi wao, Philip Ndunguru, alifariki akiwa bado kijana, na wenzake wakaendelea kuwachora.

Mimi nililisoma Sani ndani ya treni ya TAZARA. Nilikuwa nikinunua Dar es Salaam kabla ya kupanda, na kabla hatujafika Kidatu nakala yangu ilikuwa imeshapita mikono ya behewa zima. Mtu anacheka peke yake, jirani anaomba achungulie, mara watu watano wameinama juu ya ukurasa mmoja. Niliposhuka Ifakara wapo walionisubiri nami, na waliokuwa wakiisubiri Sani. Shemeji yangu marehemu alikuwa mmoja wao. Alikuwa akiweza kuigiza mwendo wa Lodi Lofa kuanzia stesheni hadi nyumbani, watoto nyuma yake.

Kwa hiyo jibu ni kwamba wa kwetu kwenye katuni walikuwapo, tena wengi. Swali linalobaki ni kwa nini hawakuvuka kwenda kwenye mashine.

Wapo watakaosema wetu walikuwa wa kuchekesha tu: walevi, matapeli, watundu na washamba wa mjini, na mchezo wa mashine unataka shujaa mwenye misuli. Sikubaliani nao. Mtazameni Komredi Kipepe. Watafiti wa katuni za Kiswahili wameandika kuonyesha jinsi mhusika wetu huyu alivyofuata nyayo za Asterix, yule Mfaransa mfupi mwenye masharubu aliyebuniwa na Goscinny na Uderzo mwaka 1959. Asterix naye ni wa kuchekesha, lakini aliingia kwenye mashine ya Atari mwaka 1983, ya Sega mwaka 1991, na ile ya Konami ya kuchezea kwa sarafu mwaka 1992. Tangu hapo hajatoka. Kipepe, aliyefuata nyayo zake zilezile, alibaki kwenye karatasi. Kwa hiyo kichekesho hakikuwa kizuizi.

Wengine watasema ni umaskini wa mitambo. Hilo lina ukweli kwa miaka ile, lakini halitoshi. Sikilizeni kisa hiki. Mwaka 1981 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitaka kutengeneza mchezo wa Popeye, yule baharia wa katuni mla mchicha. Ikakosa kibali. Kijana wao, Shigeru Miyamoto, hakukaa chini kulia. Mahali pa Popeye akamweka fundi seremala, mahali pa adui wa Popeye akaweka sokwe, na mahali pa mchumba akaweka bibi mwingine. Mchezo ule ukaitwa Donkey Kong. Yule seremala ndiye aliyekuja kuitwa Mario, na leo anajulikana kuliko Popeye mwenyewe. Mwaka uliofuata Nintendo wakapata kibali wakatoa na mchezo wa Popeye pia, lakini tayari walikuwa na mtu wao.

Yapo mafunzo mawili hapo. La kwanza, ukinyimwa wa watu, buni wako. La pili ndilo zito zaidi: katika biashara hii mhusika ni mali, kama shamba lilivyo mali, na asiye na hati atalimiwa na wengine.

Mwaka 1996 kampuni ya Marvel, mwenye Mtu-buibui, iliomba hifadhi ya mahakama kwa kufilisika. Fedha haikuwa nayo. Ilichokuwa nacho ni majina na sura za wahusika, zimeandikwa na kuhifadhiwa. Kwa karatasi hizo ikainuka, na mwaka 2009 ikanunuliwa na Disney kwa dola zinazofikia bilioni nne. Kila mchezo wa Mtu-buibui unaouzwa, popote duniani, mwenye hati anapata chake.

Lakini tusidhani huko kwao haki hutendeka yenyewe. Wale vijana wawili wa Superman walihangaika kwa miongo mingi, na ni mwaka 1975 tu ndipo kampuni ilipokubali kuwapa malipo ya kila mwaka na kuandika majina yao kwenye kazi yao. Steve Ditko, aliyemchora Mtu-buibui wa kwanza, alifariki mwaka 2018, mwaka uleule ambao zile nakala milioni 3.3 ziliuzwa kwa siku tatu. Mwaka 2021 upande wa mirathi yake ulidai haki za mhusika huyo zirudi kwao, na shauri hilo likamalizwa kwa maelewano mwaka 2023. Mkono uliochora na mkono unaopokea fedha ni mikono miwili tofauti, hata Marekani. Tofauti ni kwamba kwao ugomvi una karatasi za kugombania.

Kwetu je? Sheria ya hakimiliki tulikuwa nayo tangu 1966, na mwaka 1999 ikatungwa nyingine iliyoleta COSOTA. Sheria si haba. Lakini sheria hulinda kitu kinachoweza kuonyeshwa. Mhusika wa kwetu alikuwa akichorwa na huyu, akafariki, akaendelezwa na yule, akahamia gazeti jingine, na msomaji hakujali mradi anacheka. Leo akitokea kijana mwenye kompyuta anayetaka kumtia Ndumilakuwili kwenye simu, ataanza kwa kumtafuta wa kumwomba ruhusa, kisha atazitafuta kurasa zenyewe. Na hapa kwenye kurasa, msikilizaji, nina jambo la kuungama.

Nilikuwa na Sani zangu kwenye sanduku la bati, zaidi ya 60, nimezipanga kwa tarehe. Mwaka 1993 tulihama nyumba. Mama mmoja wa jirani alikuwa akiuza karanga na kila siku alihitaji karatasi za kufungia. Nikampa sanduku zima kwa bei ya kilo mbili za sukari, nikaona nimefanya biashara. Kwa muda wa mwezi mmoja hivi mtaa wetu ulikula karanga ndani ya Lodi Lofa. Watoto walikunjua karatasi, wakasoma kipande, wakakitupa. Nilicheka nao. Leo siwezi kumlaumu mchapishaji, wala serikali, wala Wamarekani, kabla sijajilaumu mwenyewe. Mtoto wa Ifakara aliniuliza wa kwetu yuko wapi, nami ni mmoja wa waliomfungia karanga.

Sitaki kumaliza kwa majuto, kwa sababu wapo waliokwisha kuonyesha njia, tena karibu. Mwaka 2009 vijana wawili, Eyram Tawia wa Ghana na Wesley Kirinya wa Kenya, waliunda kampuni iitwayo Leti Arts, yenye makao Accra na Nairobi. Kirinya alikuwa ametangulia kutengeneza mchezo wa kompyuta kuhusu msichana wa Kiafrika aitwaye Nyangi. Walipoungana walifanya jambo la busara: walichora katuni na kutengeneza michezo ya simu kwa pamoja, ili mhusika awe wao pande zote mbili tangu siku ya kwanza. Mkusanyiko wao waliuita Africa's Legends. Na mmoja wa mashujaa wao ni nani? Ni Ananse, yule mjanja wa hadithi za Waakani wa Ghana. Na Ananse, msikilizaji, ni buibui.

Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu. Mtoto wangu wa Ifakara alikuwa akiuliza habari za buibui wa kwetu, na kumbe buibui wa Kiafrika amekwishaingia kwenye mashine, tena kwa mikono ya Waafrika wenyewe, na mmoja wao ni jirani yetu wa Afrika Mashariki. Buibui si mgeni hata hapa. Nani kati yetu wa Pwani hakukatazwa na bibi yake kumuua, kwa kuwa alitanda utando mlangoni mwa pango alimojificha Mtume? Hadithi tunazo. Wachoraji tunao. Simu ziko mifukoni mwa watu kuanzia Kidatu hadi Mlimba, na mchezo wa simu haumlazimishi mtu kumiliki televisheni.

Ninachokiomba leo ni kidogo. Wewe mchoraji kijana, ukimbuni mtu wako, andika jina lako na tarehe, weka nakala, na kabla hujatia saini karatasi ya mtu isome mara mbili. Kumbuka zile dola 130. Wewe mwenye gazeti, mchoraji akifariki, ulizeni familia yake kabla ya kumpa kalamu mwingine. Na wewe msikilizaji wa kawaida kama mimi, chungulia chini ya kitanda na juu ya kabati. Kama kuna Sani, kama kuna Uhuru lenye Chakubanga, usifungie vitumbua. Peleka maktaba, au mpe mwanao asome kwanza.

Mimi nimeanza. Juma lililopita nilimpata rafiki mmoja wa Temeke mwenye nakala mbili za Sani, moja haina jalada. Ile isiyo na jalada kanipa bure, ile nyingine kanikatalia kabisa, na nimemheshimu kwa hilo. Nimeitia ndani ya bahasha na kumkabidhi utingo wa basi la Ifakara, aifikishe kwenye kile kibanda karibu na stendi, kwa mtoto anayecheza kwenye televisheni ndogo. Jina lake sikumuuliza. Juu ya bahasha nimeandika tu: "Uliniuliza wa kwetu yuko wapi. Mmoja huyu hapa. Wa kwenye gemu bado, labda utamtengeneza wewe."

Nawatakia juma jema.